Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda Isitolewe Bila Kipimo

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo nilivyo mimi kila ninapoingia katika duka la dawa mjini Thika nikamwona mtu akinunua vidonge vya warfarini kana kwamba ananunua peremende, wala asiulizwe damu yake ilipimwa lini mara ya mwisho. Hushtuka kwa sababu vidonge hivyo viliniokoa, na vidonge hivyo hivyo nusura viniue. Naomba, ndugu msomaji, uniazime masikio nikueleze yaliyonipata, kisha uamue mwenyewe kama ninalolidai ni kubwa mno.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia. Ninafundisha Thika na kulala Ruiru, na barabara kuu iliyo kati ya miji hii miwili naijua kama kiganja cha mkono wangu. Miaka michache iliyopita nilianguka, mfupa wa muundi ukavunjika, na mguu wa kushoto ukafungwa plasta kwa majuma sita. Plasta ilipoondolewa, shavu la mguu lilianza kuvimba, likawa na joto na maumivu. Nilidhani ni uchovu wa mguu uliokaa muda mrefu bila kazi. Siku ya nne nikashindwa kupanda ngazi bila kutweta. Daktari aliyenipima alisema kwamba donge la damu lilikuwa limeganda katika mshipa wa ndani wa mguu, na kwamba kipande chake kilikuwa kimekatika na kusafiri hadi mapafuni. Nilidungwa heparini, nikaanzishiwa warfarini, na baada ya siku kadhaa nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa na agizo moja tu: nimeze kila jioni kwa miezi sita.

Hakuna aliyenipa tarehe ya kurudi kupimwa damu. Nami, niliyekuwa nimeandika ubaoni kwa miaka mingi maneno protrombini, fibrinojeni na vitamini K, sikuuliza. Mwezi wa tatu nilishikwa na jipu la ufizi. Katika kliniki moja nikapewa vidonge vya Flagyl, na sikusema ninatumia dawa gani nyingine kwa kuwa sikuulizwa. Siku ya tano nilikuwa darasani damu iliponitoka puani na kukataa kukoma. Wanafunzi walinishika mkono wakaniketisha. Tangu asubuhi mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa, nami nilikuwa nimelipuuza jambo hilo. Nilipofikishwa hospitalini, kipimo kilichotakiwa kuwa kati ya 2 na 3 kilikuwa kimepita 8. Nilipewa vitamini K, nikalazwa, nikapona.

Mwaka huo huo, jirani yangu wa Ruiru, mama aliyekuwa akiuza nafaka sokoni, alipatwa na mkasa ulio kinyume cha wangu. Moyo wake ulikuwa ukipiga bila mpango, naye akaandikiwa warfarini ili damu isigande ndani ya moyo na kurushwa ubongoni. Katika matanga fulani mtu mmoja alimnong'oneza kwamba dawa hiyo ni sumu ya panya. Akaitupa. Haikupita miezi minne kabla ya kiharusi kumwangusha. Leo mkono wake wa kulia hauna nguvu, maneno humtoka kwa shida, na ni mjukuu wake anayewahesabia wateja chenji.

Nimeiweka mikasa hii miwili bega kwa bega kwa makusudi. Mimi nilidhurika kwa kumeza dawa bila kupimwa. Mama yule alidhurika kwa kuiacha dawa bila kuelezwa. Watu wataulizana ni nani kati yetu alikuwa na haki: aliyeiamini dawa au aliyeiogopa? Jawabu langu ni kwamba swali lenyewe limepotoka. Dawa hii si ya kuaminiwa wala kuogopwa. Ni ya kupimwa. Na hospitali au kliniki isiyoweza kumhakikishia mgonjwa kipimo na maelezo haijamtibu, bali imemkabidhi kisu kisicho na mpini.

Tuanze na manufaa, kwani asiyeyajua huikimbia dawa. Damu ina busara yake. Mtu akijikata, chembe na protini za damu hushirikiana kuunda wavu wa nyuzi unaoziba jeraha. Pasipo kazi hiyo, mkato wa kisu cha jikoni ungetosha kumwua mtu. Balaa huja wavu huo unapofumwa mahali pasipo na jeraha: ndani ya mshipa wa mguu, mapafuni, au katika chumba cha moyo. Mara nyingi hutokea kwa mtu aliyelala kitandani muda mrefu, aliyefanyiwa upasuaji, mama aliyejifungua karibuni, mwenye saratani, mwenye kifua kikuu au virusi vya Ukimwi, na wengine waliozaliwa na kasoro katika damu yenyewe. Watu husema dawa hizi huifanya damu kuwa nyepesi. Si kweli. Damu hubaki na uzito ule ule; kinachopungua ni kasi yake ya kuganda.

Je, zinasaidia? Mwaka 1960 madaktari wawili wa mji wa Bristol, Uingereza, Barritt na Jordan, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 35 waliokuwa na donge la damu mapafuni. Kati ya 19 ambao hawakupewa dawa, watano waliuawa na donge jingine, na watano wengine wakarudiwa na ugonjwa lakini wakaponea. Kati ya 16 waliopewa dawa, hakuna hata mmoja aliyeuawa na donge la damu. Na kwa watu wenye moyo unaopiga bila mpango kama jirani yangu, tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba warfarini hupunguza hatari ya kiharusi kwa karibu thuluthi mbili. Anayemshawishi mgonjwa wa namna hiyo kuitupa dawa hajui uzito wa neno lake.

Hata hivyo, mnong'ono wa matangani haukuwa uzushi mtupu, na ni vyema tuuseme ukweli wote. Katika miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na wa nyanda za kaskazini za Marekani waliona ng'ombe wao wakivuja damu hadi kufa baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Iligunduliwa kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova tamu yaliyoingia uvundo. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimfikia Karl Paul Link, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwa na ndoo ya damu isiyoganda. Link na wanafunzi wake walifanya kazi kwa miaka kadhaa hadi wakaipata kemikali iliyosababisha maafa hayo. Kutokana nayo walitengeneza nyingine yenye nguvu zaidi, wakaiita warfarini kwa herufi za taasisi iliyogharamia utafiti wao. Iliuzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa matumizi ya binadamu, na mwaka uliofuata ikatumiwa kumtibu Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliyekuwa ameshikwa na maradhi ya moyo.

Kwa hiyo kitu kile kile kinachomwua panya ndicho kilichomtibu rais. Tofauti iko wapi? Iko katika kipimo. Hapa katika Kaunti ya Kiambu, ambako nyumba nyingi hazikosi ng'ombe wa maziwa na shamba dogo la matete, hakuna mfugaji asiyejua kwamba lishe njema ikiingia uvundo huwa sumu, na kwamba dawa ya kupe ikizidi maji au ikipungua maji huleta hasara. Hekima hiyo tunayoitumia zizini tumeshindwa kuihamishia katika miili yetu.

Kipimo chenyewe huitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hizi huwa na INR ya takriban 1. Wagonjwa wengi wanaotumia warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wenye vali bandia katika baadhi ya sehemu za moyo huhitaji kuwa juu kidogo ya hapo. Ikishuka chini ya 2, donge hurudi. Ikipanda kupita kiasi, damu huvuja tumboni, katika figo au, lililo baya zaidi, ndani ya ubongo. Zamani kila maabara ilikuwa na hesabu yake, na jibu la mji mmoja halikueleweka katika mji mwingine. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha hesabu moja kwa ulimwengu wote. Hivyo INR ya Ruiru ndiyo INR ya London.

Ugumu wa warfarini ni kwamba haitulii mahali pamoja. Huchukua takriban siku tano au zaidi kabla ya nguvu yake kukamilika, ndiyo sababu mgonjwa huanza kwa kudungwa heparini. Dozi inayomtosha mtu mmoja inaweza kumzidi au kumpungukia mwingine. Nguvu yake hupingwa na vitamini K, iliyo tele katika mboga za majani ambazo ndizo chakula chetu cha kila siku: sukuma wiki, terere, managu na mchicha. Simwambii mgonjwa aziache mboga hizo. Namwambia ale kiasi kinacholingana juma hadi juma. Anayeishi kwa ugali na sukuma wiki, kisha akaenda kwa jamaa zake mwezi mzima akala nyama na wali, atashangaa kuona kipimo chake kimeruka.

Zaidi ya chakula, kuna dawa nyingine. Flagyl ilinipandisha mimi. Septrin hufanya vivyo hivyo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha nguvu ya warfarini hadi mgonjwa akabaki kana kwamba hamezi kitu. Aspirini na dawa nyingi za maumivu ya viungo, diklofenaki ikiwamo, huchokoza tumbo na kuongeza uvujaji. Ulevi wa mkupuo mmoja huvuruga hesabu yote. Mitishamba mingine nayo ina nguvu zake, na hakuna anayejua dozi ya chupa isiyo na lebo. Sasa hebu tujiulize: ni wangapi kati yetu wasiowahi kununua mojawapo ya dawa nilizotaja dukani bila cheti cha daktari?

Yamkini wapo watakaosema kwamba ninapigania mambo ya kale, kwani siku hizi kuna dawa mpya kama rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani zisizohitaji kupimwa INR. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Dawa hizo huvujisha damu ubongoni mara chache kuliko warfarini, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mgonjwa wa donge la mguu kama mimi, zikipatikana na akimudu bei, ni neema. Lakini si za kila mtu. Nguvu yake huisha haraka, hivi kwamba anayeruka siku moja kwa kukosa pesa hubaki bila kinga, na mwenye figo dhaifu lazima aangaliwe. Mwenye vali bandia ya chuma haruhusiwi kuzitumia: jaribio la dabigatrani kwa watu hao lilisimamishwa kwa sababu ya madhara, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Mwaka 2022 utafiti mwingine uliohusu watu zaidi ya 4,500 katika nchi 24, wote wakiwa na moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na wengi mno wakiwa na mapigo yasiyo na mpango, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini, huku wakipimwa mara kwa mara, walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani.

Naomba walimu wa shule za msingi watue hapo kidogo. Homa hiyo ya baridi yabisi huanzia wapi? Aghalabu huanzia katika koo la mtoto. Mtoto hushikwa na maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria, asitibiwe kwa penisilini, na mwili wake katika kupigana na bakteria hao ukazidhuru vali za moyo wake mwenyewe. Miaka baadaye kijana huyo hutweta akicheza mpira. Akibahatika kupasuliwa na kuwekewa vali ya chuma, atameza warfarini maisha yake yote. Akiwa msichana, mtihani huwa mkubwa zaidi, maana siku atakaposhika mimba atahitaji ushauri wa mapema: warfarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni katika miezi ya mwanzo, nayo vali isiyo na dawa inaweza kumwua mama. Heparini, isiyovuka hadi kwa mtoto, husaidia, lakini inahitaji uangalizi wa karibu. Koo la mtoto wa darasa la tatu, basi, si jambo dogo.

Kuna atakayesema kwamba haya ni ya nchi tajiri, kwamba sisi hatuwezi. Namjibu kwa mfano wa hapa hapa nyumbani. Katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, wafamasia walianzisha kliniki ya wagonjwa wanaotumia dawa hizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kliniki hiyo, wengi wakitoka mashambani, walikaa ndani ya kipimo kinachotakiwa kwa karibu thuluthi mbili za muda wao, kiasi kinachoweza kulinganishwa na kliniki za nchi zilizoendelea. Hawakuwa na miujiza. Walikuwa na mfamasia aliyefunzwa, siku maalumu, daftari na mazungumzo na mgonjwa.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika. Umati huu hauwezi kuachiwa kubahatisha. Tangu mwaka 2013 hospitali za umma kama ya Thika na ya Ruiru zimekuwa chini ya serikali ya kaunti, kwa hiyo si lazima tungoje amri kutoka mbali. Ninayoyadai ni manne. Kwanza, asiruhusiwe mgonjwa yeyote kutoka hospitalini, ya umma au ya kibinafsi, akiwa na warfarini mkononi bila tarehe ya kipimo kinachofuata na kijitabu chenye jina la dawa, dozi, sababu ya kuitumia na majibu ya INR. Pili, kila juma pawe na siku maalumu ya kliniki hii Thika na Ruiru, ikiongozwa na mfamasia. Siku hizi kuna mashine ndogo zinazotoa jibu papo hapo kwa tone la damu ya kidole. Tatu, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ihakikishe kwamba mgonjwa hakosi kipimo hiki kwa kukosa pesa, kwani kulipia kipimo ni rahisi kuliko kulipia kitanda cha aliyepooza. Nne, kila muuza dawa amwulize mteja swali moja kabla ya kumpa Flagyl, Septrin au diklofenaki: je, unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda?

Na sisi walimu? Katika mtaala wa 8-4-4 nilifundisha mada ya kuganda kwa damu katika Kidato cha Pili mwaka baada ya mwaka. Wanafunzi wangu waliikariri wakaifaulu mitihani, nami niliamini kwamba nimefundisha. Siku damu iliponitoka puani mbele yao ndipo nilipofahamu kwamba sote, mwalimu na wanafunzi, tulikuwa tumejifunza majina matupu. Tangu siku hiyo somo hilo huliunganisha na jikoni, dukani na hospitalini. Huwauliza wanafunzi: nani ana babu au nyanya anayemeza dawa hii? Kisha huwaagiza waende nyumbani wakiwa na maswali. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa ngapi, na cha lini? Je, amewahi kuona kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, ufizi unaovuja, au kuumwa na kichwa ghafla kuliko kawaida? Akiona hayo akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo, tena akiwa na kijitabu chake. Wala asijiachishe dawa kwa ushauri wa jirani.

Siku moja msichana wa darasa langu alirudi akaniambia kwamba babu yake alikuwa amekaa miezi mitano bila kupimwa, na kwamba yeye ndiye aliyemshika mkono wakapanda matatu kwenda kupima. Sikumwuliza jibu lilikuwa ngapi; hiyo ilikuwa siri ya mzee na daktari wake. Lakini yule mwanafunzi alikuwa amefanya kazi ambayo watu wazima wengi, mimi nikiwa wa kwanza, tulishindwa kuifanya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe tunauona: ni ile nafasi iliyo kati ya mlango wa hospitali na nyumba ya mgonjwa, ambamo dawa kali humezwa gizani. Serikali ya kaunti iuzibe kwa kliniki, wafamasia kwa maswali, na walimu kwa elimu. Nami, kila nikipita katika duka la dawa nikamwona mtu akipokea vidonge vile, sitaacha kumwuliza kwa heshima, hata akinikasirikia: ndugu yangu, umepimwa lini?